Kona ya Kazi za Mikono: Maswali yenu kuhusu kadi za kugonga kwa mihuri

Tangu tuseme wiki hii ni zamu ya kadi za mkono, meseji zimekuja nyingi kweli, asanteni. Nimechagua chache ambazo naona zinawagusa wengi, na ambao sijawafikia mtapata majibu yenu humu humu maana maswali mengi yanafanana.

Shikamoo anti. Nina mihuri mitatu ya raba, ua la asumini, jani la mnazi na neno "Hongera". Natengeneza kadi nauza hapa mtaani ila zote zinatoka sura moja, wateja washaanza kusema mbona hizi ndo zile zile. Ninunue mihuri mingapi tena ili nipate mitindo tofauti? – Binti wa Ngamiani, Tanga

Marahaba mwanangu. Usinunue hata mmoja kwanza. Hela hiyo nunua pedi ya wino nzuri, maana mtindo unatokana na wino na namna unavyopanga karatasi yako, muhuri wenyewe hata ukiwa mmoja unatosha kukulisha mwaka mzima.

Chukua hilo ua lako. Kadi ya kwanza ligonge mara moja tu, upande mmoja chini, halafu "Hongera" pembeni, basi, karatasi yote iliyobaki iache nyeupe. Watu wanaogopa kuacha nafasi wanadhani mteja ataona umemdhulumu, kumbe jicho linapenda pa kupumzikia, na hizi kadi tupu tupu ndo wanazozipenda sana watu wa maofisini. Kadi ya pili ipange kikanga: ligonge ua mfululizo kuzunguka kingo zote nne hilo ndo pindo, katikati weka jani moja kubwa ndo mji, na chini yake "Hongera" ikae pale panapokaa jina. Hapo Tanga hakuna mtu atakayeiona hiyo asielewe, na ukitumia rangi mbili tu, tuseme nyekundu na nyeusi, inakuwa kanga kabisa.

Ya tatu, gonga ua, halafu bila kurudisha muhuri kwenye pedi ligonge tena pembeni na tena, litatoka limefifia kila mara, sasa yale yaliyofifia yanaonekana yako mbali na lile la kwanza liko mbele, unapata kina bila kujua kuchora. Ya nne ndo naipenda mimi kuliko zote, ya kuziba: gonga ua moja kwenye kadi, gonga lingine kwenye kile kikaratasi cha kubandika chenye gundi upande mmoja (gonga sehemu yenye gundi nyuma yake), likate kwa mkasi kufuata mstari wake, libandike juu ya ua la kwanza kulificha, kisha gonga jani la mnazi lipite juu yake. Ukibandua unakuta jani limeenda nyuma ya ua. Mtu atakuuliza umechoraje.

Kuhusu wino sasa, kuna aina mbili utakazokutana nazo sana. Kuna ule mwepesi unaozama kwenye karatasi na kukauka upesi, mzuri kwa kazi ya haraka ila jua linaufifisha, na kuna ule mzito unaokaa juu ya karatasi, rangi yake imekolea hata kwenye karatasi ya rangi lakini unachelewa kukauka, na kwa unyevu wa pwani utachelewa zaidi, kwa hiyo zitandaze kadi mezani, usizipange moja juu ya nyingine. Kwenye karatasi ya kung'aa ile ya glosi usigonge huo mzito, utapakaa tu. Na unapogonga, muhuri mkubwa uweke uso juu halafu pedi ndo uigongeshe kwenye muhuri, kisha shusha wima, kandamiza, inua wima. Usiubembeze, ukiubembeza kingo za raba zinagusa karatasi unapata michirizi.

Habari anti. Mimi ni mwalimu mlezi wa klabu ya sanaa shuleni, tunataka Form Three wawatengenezee Form Four kadi za success kabla ya KCSE badala ya kununua zile za dukani. Bajeti ya mihuri hatuna. Kuna njia? – Mwalimu, Kakamega

Mwalimu hongera sana, hili wazo limenigusa, maana kadi ya success iliyotoka mkononi mwa mwanafunzi mwenzako huwezi kuitupa. Njia ipo na ni rahisi, tumieni raba za kufutia penseli, zile nyeupe laini za plastiki, sio zile ngumu zenye upande wa bluu. Raba moja inatoa muhuri pande mbili.

Kinachowashinda wengi ni maandishi. Ukichonga "SUCCESS" kama unavyoisoma, kwenye kadi itatoka kinyume, kwa hiyo mwanafunzi achore kwanza kwenye karatasi nyepesi ya kufuatishia kwa penseli laini, 2B hivi, mchoro ukiwa wa kawaida kabisa, halafu aigeuze karatasi ile penseli iguse raba na asugue nyuma kwa ukucha au kijiko. Penseli inahamia kwenye raba ikiwa tayari imegeuka, hakuna kuumiza kichwa. Kisha mnaondoa sehemu zote ambazo hamtaki zipate rangi, mkibakiza mstari.

Blade ielekezwe nje ya mstari kwa mshazari ili mstari uwe na kitako kipana chini, ukichimba chini ya mstari unakatika ukigonga mara chache tu. Na tafadhali mwalimu, wakae wamekaa, mkono ulioshika raba uwe nyuma ya blade na sio mbele, na kwenye mikunjo ni raba inayozungushwa, mkono wenye blade unatulia. Waanze na maumbo manene, nyota, kalamu, kitabu kilichofunguliwa, herufi ndogo ndogo ni za baadaye, au maneno wayaandike kwa kalamu tu chini ya picha, na kwa kweli mimi ningependelea hivyo, mwandiko wa mtoto mwenyewe una uzito wake.

Salaam aleikum bibie. Nataka kadi za Idi zenye maandishi ya dhahabu yaliyovimba. Nimenunua unga wa dhahabu wa kuyeyusha, nikagonga nikamwaga unga, nikawasha draya ya nywele, unga wote ukaruka na uliobaki haukuyeyuka. – Mzanzibari wa Muscat

Waaleikum salaam. Draya inapuliza sana na moto wake mdogo, ule unga unataka moto mkali na upepo mchache. Kipo kifaa chake maalum cha kushika mkononi, kwa mtu wa Muscat kukiagiza sio kazi, na kinafanana na bloa ya mafundi simu ikiwekwa upepo wa chini. Kama hutaki kununua, washa pasi ya kavu, igeuze uso juu ukiishika imara, halafu ishike kadi juu yake mgongo wa kadi ukielekea moto, unga utauona unabadilika kutoka vumbi kuwa kama chuma kilichong'arishwa, ukishang'aa wote ondoa hapo hapo, ukizidisha unazama kwenye karatasi na kufifia.

Na wino je? Hukusema ulitumia gani. Ule mwepesi unakauka kabla unga haujashika, tumia mzito au ule usio na rangi kabisa uliotengenezwa kwa kazi hii. Kabla ya kugonga pitisha kitambaa chenye poda kidogo sana juu ya karatasi, ili unga using'ang'anie pale ulipoacha alama za vidole. Karatasi ya kijani kiza au bluu ya usiku na dhahabu juu yake, hilo "Idi Mubarak" litawaka.

Anti, fundi wa mihuri hapa mjini anaweza kunitengenezea mchoro wangu? – Wa Mbagala

Anaweza, mpelekee mchoro mweusi mzito kwenye karatasi nyeupe. Ila mwambie usiwe ule wa flash wenye wino ndani, huo umefungwa na rangi moja, wala wa kujirudia wenyewe wenye springi. Omba raba au polima tupu iliyobandikwa kwenye mpini, ili uwe unabadilisha rangi. Wino wake wa ofisini umwachie.

Kadi zangu zikikunjwa zinapasuka kwenye mkunjo, manila ni nzito gramu 300. – Msomaji, Bujumbura

Karatasi ina mwelekeo wa nyuzi. Ikunje kidogo bila kuivunja, upande huu kisha upande ule, unaojikunja kirahisi ndo uwe mkunjo wako. Kisha pitisha kalamu iliyoisha wino kando ya rula kuweka mfereji kabla ya kukunja. A4 ikikatwa katikati inatoa kadi mbili za A6 baada ya kukunjwa, na bahasha yake ni C6.

Muhuri wa zamani wa raba umekuwa mgumu na una nyufa, niusafishe na mafuta ya taa? – Mama Kadi, Mombasa

Hapana mama, mafuta ya taa yanaivimbisha raba na kuiharibu. Raba ya mihuri imepikwa na salfa, njia aliyoigundua Charles Goodyear kule Marekani mwaka 1839, ndo maana inavumilia joto letu, lakini mafuta na jua zinaimaliza. Maji, sabuni kidogo, mswaki laini, anika kivulini. Huo wenye nyufa hauponi, ila gonga nao kwenye kadi za mtindo wa kizamani, zile nyufa zinatoka kama picha iliyochakaa na watu wanazipenda.

Nikinunua mihuri yenye picha za kampuni ya nje, naruhusiwa kuuza kadi? – Mjasiriamali, Nakuru

Kampuni nyingi zinaruhusu uuze kadi uliyoigonga kwa mkono wako mwenyewe, moja moja. Wasichoruhusu ni uigonge mara moja, uiskani kisha uchape mamia kwenye mashine. Masharti huwa yameandikwa kwenye paketi au tovuti yao, soma kabla hujachukua oda ya harusi ya watu 300, maana hapo mteja mwenyewe ndo atakuambia "si uprinti tu". Ukikubali oda kama hiyo, gonga mchoro uliochora na kuchonga mwenyewe, huo ni wako unaufanya utakavyo, na kwenye bei weka bahasha na muda wa kukauka.