Saa iliyotengenezwa kwa molekuli: majibu ya maswali yenu

Tangu nilipotaja kwamba kuna watafiti wanaohesabu, kama midundo ya saa, mitikisiko ya molekuli (atomi zilizoungana) zilizopozwa karibu na sifuri kabisa (nyuzi 273.15 chini ya sifuri ya Selsiasi), maswali hayajakoma. Nimechukua matano.

Leza hukata chuma. Inawezaje kupoza kitu?

Kwa kusukuma. Joto ni mwendo wa chembe. Ukiupunguza mwendo, umepoza. Atomi inayoujia mwali wa leza uso kwa uso ikimeza fotoni moja (chembe ya mwanga), kasi yake inapungua kidogo. Ikiitema, huitema upande wowote, kwa hiyo misukumo ya kutema hufutana. Tuchukue atomi ya strontiamu, aina ya metali, iliyochomoka kwenye tanuri kwa mita 500 hivi kwa sekunde. Fotoni moja ya mwanga wa buluu huipunguzia takriban sentimita 1 kwa sekunde. Piga hesabu: inahitaji fotoni 50,000 ndipo isimame! Na kwa kuwa atomi hizo humeza na kutema bila kupumzika, ukichungulia kwenye kidirisha cha chombo cha utupu unaliona wingu lao kwa macho yako, kidoa cha buluu kinachoelea bila kugusa chochote. Baadaye leza nyekundu huzishusha hadi sehemu chache za milioni za nyuzi moja juu ya sifuri kabisa.

Basi kwa nini wasizipoze molekuli vivyo hivyo?

Kwa sababu molekuli hutikisika na kuzunguka. Ikishameza fotoni inaweza kurudi katika mtikisiko mwingine ambao leza ile haiutambui, na hapo imepotea. Nyingi hupotea baada ya fotoni chache tu, nasi tumeona kwamba zinahitajika maelfu kwa maelfu. Zipo zinazovumilia: mwaka 2010 kundi la David DeMille katika Chuo Kikuu cha Yale lilifaulu kupoza kwa leza molekuli ya strontiamu na florini, likitumia leza za ziada kuzirudisha zilizopotea njia.

Njia nyingine ni kupoza atomi kwanza, kisha kuziunganisha zikiwa bado baridi. Deborah Jin na Jun Ye wa taasisi ya JILA, Colorado, walifanya hivyo mwaka 2008 kwa potasiamu na rubidiamu. Kundi la Tanya Zelevinsky katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, huunganisha strontiamu kwa strontiamu, na ndiyo molekuli ninayoizungumzia kuanzia hapa.

Zinashikwa na nini zisianguke?

Na mwanga tena. Mwali wa leza unaokutana na mwenzake uliotoka upande wa pili hutengeneza tabaka za mwanga mkali na hafifu, kama sahani zilizopangwa moja juu ya nyingine. Molekuli hukaa palipo na mwanga mkali. Mtego huu ni dhaifu mno, hauwezi kushika kitu chenye joto.

Huo mwanga unaozishika hauharibu kipimo?

Unaharibu, na swali hili ndilo lililonifurahisha kuliko yote, maana linagusa kazi yenyewe. Mwanga husogeza ngazi za nishati za molekuli, yaani viwango maalumu vya nishati ambavyo molekuli inaweza kuwa navyo. Ngazi mbili unazozipima zikisogezwa kwa viwango tofauti, unachosoma si molekuli peke yake bali ni molekuli pamoja na mtego wake. Kwa saa za atomi, zinazopima muda kwa kuruka kwa atomi kati ya ngazi kama hizo, Hidetoshi Katori wa Japani alipendekeza dawa: chagua rangi ya leza inayozisogeza ngazi zote mbili kwa kiasi kile kile, ili tofauti kati yao ibaki palepale. Kwa molekuli ya strontiamu rangi hiyo hupatikana karibu sana na mahali ambapo molekuli yenyewe humeza mwanga, kwa hiyo unarekebisha leza kwa uangalifu mkubwa. Hata hapo hubaki masalio yanayokua haraka kadiri mwanga unavyoongezwa. Watafiti hupima mtego ukiwa mkali, wakapima tena ukiwa hafifu, mara nyingi, kisha wakakokotoa jibu lingekuwa lipi kama mtego usingekuwepo.

Wamepata namba gani, na inaishinda saa ya atomi?

Mwaka 2023 kundi la Columbia lilitangaza mitikisiko 31,825,183,207,592.8 kwa sekunde, kwa shaka ya 5.1 juu au chini. Hakuna kifaa kinachohesabu hivyo moja kwa moja. Molekuli hupigwa na leza mbili, na tofauti ya masafa ya leza hizo (idadi ya mawimbi kwa sekunde) ikilingana na mtikisiko, molekuli inaruka kutoka hali ambayo atomi zake zimeshikana kwa ulegevu hadi hali ya chini kabisa.

Haiishindi saa ya atomi. Makosa yatokanayo na mtego na mazingira yalikadiriwa kuwa sehemu 4.6 katika trilioni 100, wakati saa bora za atomi zimefika sehemu 1 katika trilioni moja mara milioni moja. Lakini saa ya atomi husikiliza elektroni zinazohama ngazi. Hapa vinavyotikisika ni viini viwili vizito vya atomi, umbali wa chini ya nanomita moja kati yao. Uzito wa protoni ukilinganishwa na wa elektroni ungebadilika hata kidogo sana kadiri miaka inavyopita, mtikisiko huu ungebadilika nao. Na kama kati ya viini kuna nguvu nyingine tusiyoijua, ingejificha kwenye tarakimu za mwisho za namba ile. Njia mojawapo ya kuitafuta ni kurudia kipimo kwa strontiamu za uzito tofauti, 84, 86 na 88, na kuona kama namba zinatofautiana kuliko nadharia inavyotaka. Mpaka sasa nguvu hiyo haijaonekana, na ile shaka ya 5.1 ndiyo inayopaswa kupunguzwa kwanza.