Umeongeza RAM, kompyuta imegoma kuwaka? Usimrudie muuzaji bado

Mkuu, umesema ulikuwa na RAM ya GB 8, ukaongeza ya GB 16, na sasa feni zinazunguka, taa zinawaka, lakini kioo ni cheusi tii. Muuzaji umeshamwita tapeli. Mpe nafasi kwanza. Kazi yangu ni kutengeneza kompyuta, na nyingi zinazonifikia na lalamiko hili RAM zake huwa nzima kabisa.

Zima mashine, chomoa waya ukutani, kisha shikilia kitufe cha kuwasha kwa sekunde kadhaa. Si mbwembwe: pawasaplai, yaani boksi la umeme la ndani, huendelea kupeleka volti 5 kwenye mazabodi, ile bodi kuu, hata kompyuta ikiwa imezimwa ila waya bado uko ukutani. Kama ni laptopu, tenganisha na betri. Gusa chuma cha boksi kabla ya kushika chochote.

Sasa toa ile mpya, acha ya zamani peke yake pale pale ilipokuwa. Ikiwaka, mazabodi na prosesa ni wazima. Isipowaka, acha kuilaumu RAM mpya, kuna kitu kililegea mkono ulipokuwa ndani. Angalia waya wa umeme wa prosesa, ule wa pini 4 au 8 ulio kwenye kona, na kadi ya video kama ipo.

Kosa ninalokutana nalo kuliko yote ni RAM kutoingia vizuri. Watu wanaogopa kukandamiza, na siwalaumu, maana mazabodi hupinda kidogo mpaka roho inaruka. Lakini lazima usikie klipu ya sloti, yaani ya mdomo RAM inapochomekwa, ikijifunga yenyewe, ka! Mazabodi nyingi za siku hizi zina klipu upande mmoja tu, na upande wa pili ndio unaodanganya. Niliwahi kuletewa mashine ambayo mwenyewe alishaambiwa mazabodi imekufa. Nikainama usawa wa sloti na tochi: mstari wa dhahabu wa RAM ulikuwa umezama upande wa klipu, upande mwingine umechungulia kama unene wa kucha. Nikaibonyeza kwa kidole gumba, ikawaka. Sikuona hata namna ya kumtoza.

Kama sloti ni nne, RAM mbili hukaa ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa. Mara nyingi zimeandikwa A2 na B2, ila kijitabu cha mazabodi ndicho chenye neno la mwisho.

Kuhusu aina, vizazi vya RAM vya DDR3, DDR4 na DDR5 haviingiliani, lile pengo lililokatwa kwenye mstari wa dhahabu haliko mahali pamoja, kwa hiyo ukiona inakataa usiitie nguvu. Za kuogopa ni zile zinazoingia vizuri halafu hazifanyi kazi. RAM ya seva ya DDR4, ile iitwayo RDIMM, inaingia kabisa kwenye kompyuta ya kawaida na haitawaka. Laptopu zinazotaka DDR3L ya volti 1.35 nazo hupokea DDR3 ya volti 1.5 bila ubishi, kisha zinanuna. Soma kibandiko.

GB 8 na GB 16 kukaa pamoja si tatizo, kwa kawaida zote hufuata mwendo wa ile ya polepole. Shida huja kama uliwahi kuwasha XMP au EXPO, mipangilio ya kuongeza mwendo wa RAM, kwenye BIOS, ile programu ya mazabodi inayotangulia Windows: mazabodi inaweza kung'ang'ania mwendo ambao RAM mpya haiuwezi. Dawa ni kufuta mipangilio. Waya ukiwa nje, toa betri ya CR2032 kwa dakika chache uirudishe, au tumia pini mbili za kufutia CMOS, sehemu inayotunza mipangilio hiyo. Kabla ya hapo, kama diski yako imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows, hakikisha namba ya kuifungulia unayo mkononi, maana Windows inaweza kukudai ukiwasha.

Na kama ni DDR5, huenda hakuna kilichoharibika. Mara ya kwanza mazabodi hujipima na RAM mpya, kioo kikiwa cheusi, na inaweza kujizima na kujiwasha yenyewe. Hilo huchukua dakika kadhaa. Iache robo saa, usikate umeme katikati. Wengi hukata, kisha kila wakiwasha inaanza upya, wanasema imekufa.

Bado? Weka RAM mpya peke yake kwenye sloti ile ile ya zamani iliyofanya kazi. Ikigoma hapo, mipangilio umeshafuta na aina ni sahihi, sasa mrudie muuzaji. Ikiwaka peke yake lakini ikakataa ikiwa na mwenzake, shusha mwendo kwenye BIOS, au nunua mbili zilizouzwa pamoja.

Hata ikiwaka, usianze kazi za maana siku hiyo. Iachie Memtest86+, programu ya kupima RAM, usiku kucha. Ukikuta hitilafu hata moja, zipime moja moja ujue ipi ndiyo mbovu.