Kwa mnaoanza kazi ya vitabu vya kurasa huru

Wadogo zangu, vitabu vyetu hivi vya sheria havishonwi; kurasa zake hushikwa na pete, ili sheria ikibadilika tubadilishe kurasa zilizoguswa tu. Nimekuta tena pakiti ya marekebisho imefunguliwa, kurasa mpya zimeshachomekwa kwenye pete, na karatasi ya maelekezo iko kwenye ndoo ya taka. Nimeiokota. Sasa tuongee.

1. Toa kwanza, ndipo uweke. Maelekezo yana safu mbili, za kutoa na za kuweka, na idadi hazilazimiki kulingana. Utaambiwa utoe ukurasa 41 hadi 44, uweke 41 hadi 44F, kwa sababu sheria imeongezewa vifungu na mchapishaji hawezi kupanga upya namba za kitabu kizima. Jamani, hizo herufi si makosa ya chapa. Acheni kuzikata kwa kalamu!

2. Usiruke toleo, yaani pakiti moja ya marekebisho, wala usiligeuze zamu. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo mnapoumia wengi. Kijana mmoja, mchapakazi kwelikweli, alikuta pakiti mbili mezani, toleo la 31 na la 32. Ya 32 ilikuwa juu, akaanza nayo. Kesho yake akamalizia ya 31, akifuata maelekezo neno kwa neno. Yote mawili yaligusa ukurasa 112. Kwa hiyo lile la 31 lilimwamuru atoe ukurasa 112, naye akautoa ule mpya aliouweka jana, akarudisha wa zamani. Ukikifungua kitabu, huoni kasoro: karatasi nyeupe, 111, 112, 113, zinafuatana vizuri. Ila muda wa kukata rufaa uliokuwa pale ulikuwa umeshafutwa, na msomaji aliyenakili ukurasa ule aliondoka akiamini ana sheria inayotumika. Kitabu cha kushonwa kikipitwa na wakati, mwaka wake uko mwanzoni, unajua mapema. Hiki kinapitwa ukurasa mmoja mmoja, kimya kimya, kikiwa bado na sura ya upya.

Kilichofichua ni ile namba ndogo ya toleo chini ya ukurasa, ambayo wengi wenu hamjawahi kuitazama. Tukalinganisha kitabu kizima na orodha ya kurasa zinazopaswa kuwemo, jani kwa jani, pande zote mbili. Na ukurasa sahihi? Ulishakwenda na taka. Ikabidi kumwandikia mchapishaji na kusubiri, huku kitabu kikiwa kimefungwa kwa kamba kisiguswe. Yule kijana sasa ndiye mkali kuliko sote kwa jambo hili, nami namwamini kwa jalada lolote.

3. Kurasa zilizotolewa zisitupwe mpaka orodha ilingane. Na hata ikilingana, ulizeni kwanza: kesi iliyoanza chini ya sheria ya zamani inahitaji maneno ya zamani.

4. Panchi. Matundu mawili, kati kwa kati milimita 80, na milimita 12 kutoka ukingoni. Ndicho kipimo cha kimataifa, ISO 838. Kunja jani katikati kidogo tu, lenga alama ya panchi. Kurasa za Marekani huja na matundu matatu yaliyoachana milimita 108, kwa hiyo msizilazimishe kwenye pete mbili, zitachanika. Na pete ikiacha upenyo, jalada libadilishwe siku hiyohiyo, maana hapo ndipo kurasa zinapodondokea.

5. Msipende kurasa huru kila mahali. Daftari la maabara hushonwa, na kurasa zake hupewa namba mapema, ili mtu asinyofoe matokeo yasiyompendeza pasipo kuonekana. Wepesi uleule unaotusaidia sisi, kule ungeharibu ushahidi.

6. Jaza karatasi ya kumbukumbu mbele ya jalada: namba ya toleo, tarehe, sahihi yako. Ukiitwa katikati ya kazi, chomeka kikaratasi kinachosema umeishia ukurasa gani, na pakiti iliyobaki iache ndani ya jalada hilohilo.