Jinamizi, kusahau na "nisome basi nna nini": nnavyowajibu watu tangu nisome saikolojia

Assalam alaykum ndugu zangu. Ndugu aliyeuliza kauliza kwa mpigo mmoja: saikolojia mnasomeshwa nini hasa, kweli mkimtazama mtu mnamjua alivyo, na jinamizi ni jini au ni maradhi, halafu ana mdogo wake kamaliza form six anataka kuisoma. Nitajibu yote ila kwa urefu, mana haya ndo maswali nnayoulizwa tangu nimalize chuo, nnaulizwa harusini, nnaulizwa kwenye boti ya kwenda Pemba, hata hitmani watu wakishakula wananivuta pembeni. Mie mtoto wa Wete, digrii nimeisomea bara, sasa hivi niko Unguja kazi yangu ushauri nasaha kwa wanafunzi wa skuli.

Naanza na jinamizi sababu kwetu hilo ndo kubwa na ndo linalowatia watu khofu.

Mtu anaamka usiku, macho yako wazi, anakiona chumba chake chote, chandarua, dirisha, kabati, lakini mkono haunyanyuki na ulimi haugeuki, kifuani kuna kitu kizito kimemkalia, na wengine wanaona kabisa kivuli cha mtu kasimama mlangoni. Anataka kupiga kelele sauti haitoki. Halafu ghafla mwili unaachia, anabaki anahema na jasho linamtoka. Nani hapa hajapata kusimuliwa haya na mtu wa nyumbani kwao?

Kinachotokea ni hivi. Usingizi unakwenda kwa mizunguko, kila mmoja kama dakika 90, na ndani yake mna kipindi ambacho macho yanakwenda mbio chini ya kope na ndoto nyingi zinakuja humo. Kipindi hicho walikitangaza Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chicago mwaka 1953, kabla ya hapo wataalamu walidhani ubongo usiku umezimwa tu. Sasa katika kipindi hicho ubongo unailegeza misuli ya mwili karibu yote, inabaki ya macho na ya kuvutia pumzi, na hii ni rehma kubwa mana ungeota unafukuzwa ungenyanyuka ukakimbia kweli ukavunjika miguu. Jinamizi ni pale akili inapotangulia kuamka na mwili haujafunguliwa bado. Umeamka nusu, ndoto haijaisha, kwahivyo ile ndoto inaingia chumbani kwako na macho yako wazi. Na ule uzito wa kifua unatoka wapi? Unajaribu kuvuta pumzi kubwa kwa khofu na misuli ya kifua haikubali, inabaki kuvuta ile ndogo ya usingizini, unahisi umekandamizwa. Pumzi haijasita, uko salama kabisa, ila huhisi hivyo.

Wataalamu waliokusanya tafiti za miongo mingi wakaziweka pamoja walikuta karibu watu 8 katika 100 yamewafika angalau mara moja, na kwa wanafunzi wa vyuo ilifika 28 katika 100. Kwanini wanafunzi? Hawalali vizuri, wanakesha, leo analala saa nane usiku kesho saa nne. Kukosa usingizi, kulala saa zisizoeleweka, wasiwasi mwingi na kulala chali ndo mambo yanayoliita sana. Na si kwetu tu, Wajapani wanalo na wana jina lao, watu wa Newfoundland kule Kanada wanasimulia bibi kizee anayekuja kukaa juu ya kifua cha mtu aliyelala. Mwili ni ule ule, anayekaa kifuani anabadilika kufuatana na kile ambacho watu wa pahala hapo wanakiogopa.

Hapa ndo nnapoulizwa, kwahivyo wewe unakataa majini? Sikatai. Mie Muislamu, majini yametajwa kwenye Qur'an, na mtu akinambia anasoma Ayatul Kursiyyu kabla ya kulala namwambia aendelee tena kwa moyo, kitu kinachomtuliza mtu kabla ya kulala kinamfaa hata ukikitazama kisaikolojia. Ninachosema ni kwamba tukio hili hasa la kuamka mwili hausogei lina maelezo, na maelezo yake yanamwachia mtu cha kufanya: lala ubavu, lala wakati ule ule kila siku, likikujia usipigane nalo, tuliza pumzi halafu jaribu kuchezesha kidole kimoja cha mguu au kukunja uso. Likikurudia mara kwa mara au mchana unasinzia kusikokuwa na mpaka nenda ukamuone daktari.

Najua kwanini nalikamata sana jambo hili. Mwaka 1995 nlikuwa mdogo Pemba wakati khofu ya Popobawa ilipoanza, kile kiumbe watu walichoamini kinawaingilia usiku wakiwa wamelala, wakubwa wenzangu mnakumbuka. Watu walitoka nje kulala, majirani pamoja, mikeka uwanjani na moto umewashwa mpaka asubuhi, watoto tumewekwa katikati. Kisha ikavuka ikaja Unguja. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa kwanza tangu vyama vingi virudi, watu roho juu, usingizi hakuna. Sasa nikitazama kwa nlichosoma naona duara lake: umelala kwa khofu, usingizi umekatika katika, jinamizi linakuja zaidi, asubuhi unamsimulia jirani, usiku wake jirani nae analala kwa khofu. Sisemi kila aliyesimulia lilimpata jinamizi, walikuwa watu wengi na mambo mengi. Lakini mambo yaliyosimuliwa, uzito, kushindwa kupiga kelele, kitu kimeingia chumbani, yanafanana mno na haya nlokuelezeni. Na khofu ile haikuishia kwenye kulala nje. Unguja aliuliwa mtu, mgonjwa wa akili, watu wakidhani ndo Popobawa. Mtu aliyestahiki kupelekwa kutibiwa. Kwahivyo mtu akiniuliza kuhusu jinamizi sijibu kwa mkato, mana jibu baya la swali la akili linaweza kumfika mtu mwengine kabisa ambaye hata hakuuliza.

Sasa kusahau. Hili naulizwa na watoto wa skuli kabla ya mitihani, na naulizwa na watu wazima wenye wazee majumbani.

Kwa wanafunzi: Hermann Ebbinghaus, Mjerumani, alijifanyia majaribio mwenyewe, anahifadhi orodha za silabi zisizo na maana kisha anajipima baada ya muda, akatoa matokeo yake mwaka 1885. Akaona kusahau kunakwenda mbio sana mwanzoni, saa za mwanzo na siku ya mwanzo, halafu kunapungua kasi. Na akaona kurudia kwa kuachanisha siku kunashinda kurudia mara nyingi kwa mkupuo mmoja. Nikiwaeleza hivi watoto waliohifadhi juzuu wananambia mbona hii ni muraja'a, yaani kule kuyarudia yale uliyohifadhi, nawaambia ndo hiyo hiyo, maalim wako wa chuo cha Qur'an kakusomesha njia nzuri ya kuhifadhi na wewe baiolojia unaisoma usiku mmoja. Na kitu chengine, kufunga daftari ukajiuliza mwenyewe unakumbuka nini kunakaa kichwani kuliko kulisoma daftari mara tano, ingawa kusoma tena ndo kunakokupa raha na kukufanya udhani umejua.

Kwa wenye wazee: kumbukumbu haiko ya aina moja. Kulikuwa na Mmarekani Henry Molaison, mwaka 1953 alipasuliwa kichwa kutibiwa kifafa wakamtoa sehemu kubwa ya hipokampasi, sehemu ya ubongo inayoweka kumbukumbu mpya, pande zote mbili, toka hapo hakuweza kukiweka kitu kipya kichwani, unazungumza nae ukitoka ukirudi hakujui. Lakini mtafiti Brenda Milner alimpa kazi ya kuchora nyota huku akiitazama kwenye kioo tu, na siku kwa siku alizidi kuwa hodari japo kila siku aliona ndo mara ya kwanza kuifanya. Mikono inakumbuka kwa njia yake. Kwahivyo bibi ambaye kashasahau majina ya wajukuu anaweza bado kusuka ukili vizuri kabisa, au kusali akafuata rakaa kwa mazoea, na hii haina maana kwamba anajifanya. Nimesikia watu wanasema bibi anajitia, mbona akitaka anakumbuka. Hajitii jamani. Mpeni ukili asuke, mpeni mchele achague, na msimtie kwenye mtihani kila akiingia mgeni, "bibi huyu nani?"

Na kuna kumbukumbu inayobadilika bila ya mwenyewe kujua, hii nadhani kila ukoo ungeisikia kabla haujaingia kwenye mirathi. Elizabeth Loftus na John Palmer mwaka 1974 waliwaonesha wanafunzi filamu ya ajali ya gari. Wengine wakaulizwa gari zilikwenda mbio kiasi gani "zilipopondana", wengine wakaulizwa "zilipogongana". Waliosikia "zilipopondana" wakataja mwendo mkubwa zaidi. Baada ya wiki wakaulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika, na kwenye filamu havikuwepo: katika 50 walioulizwa kwa neno kali 16 walisema waliviona, katika 50 walioulizwa kwa neno la kawaida 7. Hawakusema uongo. Swali liliingia ndani ya kumbukumbu. Basi ndugu wawili wanapoapa, mmoja anasema baba alisema shamba la mikarafuu la bondeni la fulani, mwengine anasema sivyo, wote wawili wanaweza kuwa wakweli wa nia na wote wamekosea, baada ya miaka ishirini ya kusimulia kila mtu kwa mkewe na kwa wanawe. Ndo nnasema andikeni, mashahidi wawepo, mzee akiwa hai. Na mtoto akipata msukosuko muulize "hebu nambie ilikuwaje" umuache aseme mwenyewe, usimtajie jina la mtu wala kitendo.

Hili la kumtazama mtu ukamjua, lile la "nisome basi nna nini", nalipita haraka. Hatuwezi. Waliozikusanya tafiti za kutambua uongo, majaribio ya maelfu ya watu, wakatangaza mwaka 2006, walikuta mtu anapatia kama mara 54 katika 100, na ukirusha shilingi unapata 50. Anayekuuzia kozi ya kumjua muongo kwa macho anakula pesa yako. Tena kwetu ni hatari zaidi, mtoto aliyelelewa vizuri anainamisha macho mbele ya mkubwa, ukifuata vitabu vya kizungu utamuita muongo. Hili lilinisumbua chuoni kwa kweli, asilimia 96 ya watu waliopimwa kwenye majarida makubwa ya saikolojia walitoka nchi ambazo jumla zina asilimia 12 tu ya watu wa dunia, hesabu hiyo ilitolewa 2008. Kwahivyo nyingi ya tulizosoma zinahitaji kupimwa tena kwetu, na watu wa kuzipima tuwe sisi.

Watu wengine wananambia hii elimu ya wazungu. Maabara ya mwanzo ni ya Wilhelm Wundt, Leipzig, 1879, sawa. Lakini Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyekufa mwaka 934, alishaandika kwamba nafsi inaugua kama mwili unavyougua, akazungumzia khofu, hasira, huzuni na wasiwasi, akagawa huzuni yenye sababu inayojulikana na ile isiyo na sababu ya wazi, na akashauri mtu ajiwekee fikra njema akiwa mzima zimfae akizidiwa. Nlipoyasoma hayo nlifurahi kwa namna ambayo siwezi kuieleza. Kwahivyo ukimpeleka nduguyo Kidongo Chekundu, hospitali yetu ya maradhi ya akili Unguja, hukutoka kwenye dini. Mpeleke hospitali na sheikh amsomee, yote mawili, ila dawa zisikatwe kwasababu kasomewa, na asifungwe kamba nyumbani. Na mtu akianza kusema kheri afe usimwambie ana imani dhaifu, kaa nae, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua, kumuuliza hakumtii fikra hiyo, na asiachwe peke yake mpaka afike kwa mtaalamu.

Kuhusu mdogo wako. Mwambie saikolojia ina takwimu nyingi kuliko watu wanavyodhani, wengi wanakuja wanataka kusikiliza matatizo ya watu wanakutana na hesabu wanakata tamaa mwaka wa kwanza. Mwambie pia akimaliza hatokuwa daktari wa kuandika dawa, anayeandika ni daktari aliyesoma udaktari kwanza halafu akabobea kwenye maradhi ya akili, na digrii ya kwanza peke yake haimtoshi kumtibu mtu, itabidi aendelee na awe chini ya uangalizi. Kabla hajajaza fomu aulize kila chuo wanafunzi wanapelekwa fildi wapi na kwa muda gani, mana kipo chuo ukasoma miaka mitatu hujakaa na mgonjwa hata mmoja. Na kama hesabu zilimpa tabu skuli asivunjike moyo, zinasomeka. Akiwa Unguja aje inbox, nna madaftari yangu ya takwimu ya mwaka wa kwanza na wa pili, namuazima.