Mpe Rangi Kwanza, Jina la Msanii Litafuata

Wazazi wengi wakitaka kumjulisha mtoto sanaa huanza na majina. Wanatamani mtoto wa miaka minne amtambue Van Gogh, amtaje Picasso, na Monet naye asimpite. Nia ni njema. Lakini katika miaka niliyokaa mezani na watoto, wangu na wa chekechea, nimeona kwamba jina likitangulia hubaki jina tu, na mtoto hulikariri kama anavyokariri siku za wiki. Mambo hubadilika pale mkono wake unapokuwa umeshaingia kwenye rangi, ukahangaika na jambo fulani, ndipo akaonyeshwa mtu aliyehangaika na jambo lilelile. Hapo msanii anakuwa mwenzake wa kazi.

Kwa hiyo mimi huanza na rangi, tena chache: nyekundu, njano, bluu na nyeupe. Nyeusi naiweka kando kwa muda, kwa sababu mikononi mwa mtoto mdogo huzimeza nyingine zote kabla hajazifahamu. Boksi la rangi 24 linapendeza macho, ila linamnyima mtoto raha ya kuiona rangi mpya ikitokea mbele yake. Nakumbuka mtoto mmoja wa miaka mitatu aliyekuwa na tone nene la njano kwenye sahani. Alichovya ncha ya brashi kwenye bluu, akaigusisha ukingoni mwa lile tone. Ukatokea uzi mwembamba wa kijani. Brashi ikasimama. Alinitazama, akaitazama sahani, kisha akazungusha taratibu mpaka tone zima likawa rangi ya jani changa. Hakusema neno. Aliisogeza sahani, akaomba njano nyingine, akaanza upya. Kama ningekuwa nimeshamweleza nini kinatokea bluu ikikutana na njano, ningemnyang'anya ugunduzi wake.

Kuna mambo machache ya kiufundi ambayo mtu mzima anapaswa kuyajua ili mtoto asikate tamaa. Anzeni na rangi hafifu, kisha ongezeni iliyokolea kidogo kidogo: tone dogo la bluu linatosha kuigeuza njano nyingi, ila ukitaka kuigeuza bluu kwa njano utamaliza kopo. Zambarau ndiyo yenye usumbufu. Nyekundu nyingi za watoto zinaelekea chungwa, na zikichanganywa na bluu hutoa rangi ya udongo. Tafuta nyekundu inayoelekea waridi, ile iitwayo majenta, na zambarau itatoka safi. Wekeni makopo mawili ya maji, moja la kuoshea brashi na jingine la kuisuuzia, na kitambaa kikuukuu cha kuikaushia. Rangi ziwe za watoto, zisizo na sumu, kwa kuwa walio chini ya miaka mitatu bado hupeleka kila kitu kinywani.

Mara nyingi kila kitu kitaishia kuwa kahawia. Msisikitike, kwa sababu hapo ndipo linapoingia zoezi ninalolipenda kuliko yote: kila mmoja atengeneze rangi ya mkono wake mwenyewe. Mtoto analaza mkono kando ya sahani, anachanganya nyekundu, njano na bluu mpaka apate kahawia, kisha analinganisha. Imekolea mno? Aongeze nyeupe, au njano. Imefifia ikawa kama kijivu? Nyekundu kidogo itairudishia uhai. Halafu anapaka alama ndogo kwenye ngozi yake aone kama inapotea au inajitokeza. Watoto hugundua wenyewe kwamba kiganja na mgongo wa mkono havifanani, kwamba mkono wa rafiki yake unataka njano zaidi, na kwamba hakuna krayoni moja inayoweza kuitwa rangi ya ngozi. Huo ni ujuzi wa mchoraji halisi, na mtoto wa miaka mitano anauweza.

Nikiwa hapo hapo kwenye rangi, niseme hili: msiwatahini majina. Watoto wengi hushika majina ya rangi baadaye kuliko majina ya vitu, na mtoto anayeita kijani bluu anaweza kuwa anaziona tofauti zake vizuri kabisa. Zitaje wewe katika mazungumzo, naye atazizoea.

Na michoro yenyewe ina safari yake. Kwanza ni mistari ya ovyo, ambayo kwa mtoto si ovyo hata kidogo. Anafurahia kuona kwamba mkono wake umeacha alama. Kwenye miaka mitatu hadi minne hutokea mtu mwenye kichwa kikubwa, na miguu na mikono vikichomoza moja kwa moja kichwani. Baadaye kidogo ardhi inakuwa mstari chini ya karatasi, mbingu inakuwa utepe juu, na katikati panabaki peupe. Usimshike mkono ukamwonyesha kwamba tumbo limesahaulika. Litakuja. Na usimuulize "hiki ni kitu gani?" kwa sauti ya mtu aliyeshindwa kukitambua. Mwambie unachokiona: "Hapa umekandamiza sana, na huku umepita kwa wepesi." Atakueleza mengine bila kuulizwa.

Sasa twende kwa wasanii. Njia yangu ni hii: nangoja mtoto apende tendo fulani, kisha namtafutia msanii wa tendo hilo.

Mtoto akishapewa mkasi wa ncha butu na akawa hataki kuuachia, namletea Henri Matisse. Mfaransa huyu alifanyiwa upasuaji mkubwa mwaka 1941, akawa anatumia muda wake mwingi kitandani au kwenye kiti cha magurudumu. Kusimama mbele ya turubai kukawa kugumu. Basi wasaidizi wake wakawa wanapaka karatasi rangi, naye anazikata kwa mkasi, kisha vipande vinapangwa ukutani kwa maelekezo yake mpaka aridhike. Watoto huvutiwa sana na habari hii, kwa sababu ni ya mtu mzee aliyefanya kazi wanayoifanya wao. Picha yake ya konokono ya mwaka 1953, iliyoko kwenye jumba la sanaa la Tate jijini London, ni vipande vya karatasi za rangi vilivyopangwa kwa mzunguko. Kwenye simu inaonekana ndogo, na hapo ndipo wengi wanapomdhulumu mtoto. Chukueni uzi na futi, mpime sakafuni karibu mita 3 kwa karibu mita 3, mtoto aingie ndani ya uzi na kulala. Kisha kata karatasi ya sentimita 77 kwa 53, ukubwa wa Mona Lisa, ile picha mashuhuri ya Leonardo da Vinci, umwekee kando yake. Atashangaa. Baada ya hapo, pakeni karatasi rangi nzima nzima, ziache zikauke, na siku inayofuata akate bila kuchora mstari wa kumwongoza. Asibandike upesi. Gundi ingoje mpaka amevihamisha vipande mara kadhaa, maana katika kuhamisha ndimo fikra zilimo.

Mtoto anayegonga gonga brashi na kujaza karatasi vitone yuko tayari kwa Georges Seurat. Huyu alitumia miaka ya 1884 hadi 1886 kuchora watu wanaopumzika Jumapili kwenye kisiwa cha mto Seine, na kazi kubwa ndani yake ni vitone vidogo vidogo vya rangi vilivyokaribiana. Picha ina upana wa mita 3 hivi na iko Art Institute of Chicago, jumba la sanaa huko Marekani. Tafuteni nakala nzuri, mtoto aiangalie kwa mbali kisha asogee mpaka watu wamvurugikie na kubaki vitone. Mwambie pia kuna nyani mdogo kwenye picha hiyo, amtafute. Wakati wa kumtafuta ataona mbwa, miavuli, mashua, na msichana mwenye gauni jeupe anayekutazama moja kwa moja. Hivyo ndivyo jicho linavyofundishwa kukaa kwenye picha, kwa kupewa sababu ya kukaa. Wa vitone pia atampenda Yayoi Kusama wa Japani, ambaye mwaka 2002 huko Australia aliandaa chumba cheupe chote, kuta, meza na viti, kisha watoto wakapewa vibandiko vya duara vya rangi wakabandika popote walipotaka mpaka weupe ukamezwa.

Wapo wa mistari. Esther Mahlangu wa Afrika Kusini, aliyezaliwa mwaka 1935, alianza kufundishwa na mama yake na bibi yake akiwa na umri wa miaka kumi. Hupaka maumbo yake yaliyonyooka kwa unyoya wa kuku, bila rula, na mwaka 1991 aliipamba gari ya BMW kwa michoro ileile inayopamba kuta za nyumba za Wandebele, watu wa kabila lake. Mpeni mtoto unyoya ajaribu mstari mmoja mrefu. Heshima yake kwa bibi huyu itapanda papo hapo. Wapendao wanyama watafurahi kumkuta Edward Saidi Tingatinga wa Tanzania, aliyechora wanyama na ndege wa rangi kali juu ya mbao nyembamba kwa rangi za kung'aa, zile za kupakia baiskeli. Rangi hizo si za watoto, mvuke wake ni mkali, lakini wazo la mnyama mmoja mkubwa anayejaza ubao wote wanaweza kulichukua.

Hokusai, mchoraji wa zamani wa Japani, ninamtumia kwa kuangalia tu. Wimbi lake kubwa, la miaka ya 1830 hivi, lina mashua tatu na mlima Fuji nyuma, mdogo kiasi kwamba watoto wengi huudhani ni wimbi jingine. Waache wabishane. Monet naye nampeleka dirishani: alichora marundo ya nafaka yaleyale, takriban picha 25, kati ya 1890 na 1891, kwa kuwa mwanga ulikuwa unabadilisha rangi zake saa kwa saa. Angalieni ukuta mmoja asubuhi na jioni, inatosha.

Van Gogh anahitaji uangalifu. Watu wazima wengi huanza na habari ya sikio alilojikata, na mtoto akishaisikia hakumbuki kingine. Mimi huanza na usiku. Usiku wenye nyota aliuchora Juni 1889 akiwa hospitalini Saint-Rémy, kusini mwa Ufaransa. Alikuwa ameutazama kupitia dirisha la chumba chake, ila aliuchora mchana, kwa kumbukumbu, na kijiji akakiongeza. Basi na sisi tunatoka kuangalia mbingu usiku, halafu kesho yake mchana tunachora tunachokumbuka. Mtoto akiuliza kwa nini alikuwa hospitalini, namjibu kweli: alikuwa mgonjwa, akili ikimsumbua, na siku alizojisikia nafuu alichora. Watoto hupokea ukweli wa namna hii vizuri kuliko tunavyodhani.

Kitu nisichokikubali ni lile zoezi la kumpa kila mtoto mchoro uliokwisha kuchorwa, alizeti ileile ya Van Gogh, ili ajaze rangi zilezile. Ukutani zinapendeza, mzazi anapiga picha, lakini ukimuuliza mtoto alichoamua mwenyewe, hakuna. Chukueni swali la msanii, picha muachieni yeye. Kwa alizeti, swali la Van Gogh mwaka 1888 lilikuwa ni njano ngapi zinaweza kukaa pamoja bila kuchosha. Mtoto anaweza kulijibu kwa kitu chochote cha njano kilichopo mbele yake.

Nyumbani bandikeni picha moja tu, usawa wa macho ya mtoto, ikae wiki nyingi. Nikipita huwa nauliza kitu kimoja, kama vile upepo unatoka upande gani humo, kisha nakwenda zangu. Kwenye jumba la makumbusho pia, picha mbili au tatu zinatosha kwa mtoto mdogo. Mengi huruhusu penseli na daftari hata kama hayaruhusu rangi.

Kwenye miaka mitano, sita, wengi huanza kusema "siwezi, nichoree." Usichore kwenye karatasi yake. Kaeni mbele ya kitu chenyewe au picha yake, muanze na sehemu moja. Paka? Tuangalie masikio: yamesimama au yamelala? Yana ncha au ni ya duara? Akichora masikio mawili kwa kuyaangalia, kichwa kinafuata chenyewe.

Na kazi zake ziheshimuni. Nyuma ya kila karatasi naandika tarehe na maneno yake mwenyewe kuhusu mchoro, bila kuyasahihisha. Kabla ya kutupa namuuliza. Mara nyingi ananiambia nyingi zitupwe, kwa sababu anataka nafasi mezani.