Kabla Hujaenda RITA, Kaa Kwanza na Wakulima

Wiki iliyopita dada mmoja wa Makete aliniandikia. Amemaliza chuo, wazazi wake ni wakulima wa viazi kama wangu, na anataka kuanzisha mfuko wa kuwasaidia mabinti wa kata yao. Anauliza wafadhili wa mfuko wetu wa kijiji niliwapata wapi. Namjibu hapa, maana najua wapo wengi wenye ndoto hiyo hiyo.

Dada yangu, nilianza na debe la viazi.

Mimi ni mtoto wa mkulima wa Njombe. Nimekua nikimwona baba akiuza lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, wakati sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100. Mnunuzi analipa bei ya gunia moja, kile kichwa kilichoshonewa juu kinakwenda bure. Kichwa kile kilikuwa ada yangu. Nikikumbuka, roho inaniuma hadi leo, na ndiyo maana nilipopata kazi sikuweza kukaa kimya.

Watu husema elimu ni bure. Ni kweli, ada iliondolewa 2016 hadi kidato cha nne, na 2022 ikafuata ya kidato cha tano na sita. Lakini chukua fomu ya kujiunga na shule ya bweni uisome: godoro, shuka, tranka, ndoo, jembe, fagio, rimu ya karatasi, viatu vyeusi, sweta. Na baridi ya Njombe mwezi wa saba unaijua. Mama mmoja alinionyesha fomu ya binti yake, ameweka alama ya kalamu kwenye vitu alivyovimudu. Alama zilikuwa mbili tu, kwenye ndoo na fagio.

Tulikubaliana kijijini kila kaya ikivuna itoe debe moja. Viazi havikai, kwa hiyo vinauzwa mapema, kwa mizani, na hesabu inasomwa mbele ya mkutano. Fedha zinaingia benki na kutoka kwa saini tatu. Yangu haimo, nimetaka mwenyewe iwe hivyo. Baadhi ya ndugu walininunia, eti nimewakabidhi watu baki fedha za ukoo. Wanune tu! Fedha ya watoto si ya ukoo.

Kuna taasisi ilikuja, ikawapanga mabinti wetu, ikawapiga picha, ikaahidi magodoro. Haikurudi. Waliobaki kuulizwa na watoto ni sisi, na jambo hilo halijanitoka moyoni. Januari ilipofika magodoro yalinunuliwa kwa viazi vyetu, na hilo najivunia kuliko cheti changu cha chuo.

Mtazameni Wangari Maathai, binti wa wakulima wa Nyeri, Kenya. Alianzisha Green Belt Movement, harakati ya kupanda miti, mwaka 1977, na kinamama walipewa malipo kidogo kwa kila mche uliopona. Kazi ilikuwa mikononi mwao wenyewe, miche yao, mashamba yao. Ukianza na mfadhili utamtumikia mfadhili. Ukianza na wakulima, watakudai hesabu kila msimu, nawe utanyooka.

Usajili ufuate baadaye. Ukisajili bodi ya wadhamini RITA, wakala wa serikali unaosajili wadhamini, chini ya sheria ya wadhamini, Sura ya 318, bodi inamiliki mali kwa jina lake, hivyo hata ukifa kiwanja cha mfuko hakigombaniwi na warithi. Wadhamini wakibadilika, RITA ijulishwe. Ukipenda njia ya NGO, ipo Sheria Na. 24 ya 2002, na maofisa maendeleo ya jamii wa wilaya watakuelekeza. Katiba msiinakili mtandaoni. Iandikeni mkiwa na wazee na kinamama, kifungu kwa kifungu.

Kwa hiyo mavuno ya mwaka huu yasikupite. Omba nafasi kwenye mkutano wa kijiji, nenda na fomu moja ya kujiunga, isome yote kwa sauti, kisha kaa chini uwasikilize.