Sungura kalala mzima, asubuhi kafa: daktari, nini kimemuua?

SWALI: Habari daktari, pole na majukumu. Mi mama Nuru naandika toka Kihonda, Morogoro. Tulikuwa na sungura wawili wa mwanangu wa miaka 9, sio wa nyama wala wa biashara, ni wa kufuga tu nyumbani, wanazunguka uani mpaka sebuleni wanaingia. Sasa yule dume mweupe tulimuita Pamba kafa ghafla. Usiku nimempelekea matembele mwenyewe kaja kanusa mkono kama kawaida yake, asubuhi Nuru anaenda kufungua banda anamkuta kajinyoosha, kakakamaa, kichwa kimerudi nyuma, puani kamaji kekundu na tumbo limevimba. Hana jeraha hana nini. Jirani anasema ni sumu, kuna mtu karusha kitu ukutani, baba Nuru anasema joto la Moro hili, bibi yao ndo ana mambo yake sitaki hata kuyaandika. Mtoto analia anasema kamuua yeye kwa sababu jumapili alimpa karoti nyingi. Na alikuwa mzima kabisa daktari, alikuwa tu na chafya wiki ile nikaambiwa duka la dawa za mifugo nimpe amoxi, nikawa nafungua kapsuli namnyunyizia kwenye mchicha, akapona nikaacha jumanne, ijumaa asubuhi ndo kafa. Alhamisi nlimwona nyuma kachafuka kidogo nikajua ni matembele yana maji. Tumeshamzika. Leo siku ya 9 jike aliyebaki anakula vizuri tu ila naogopa. Nini kimemuua?

JIBU: Pole sana mama Nuru, na Nuru mpe pole yangu. Nianze na yeye kabla ya wakubwa: mwambie sio karoti. Karoti ina sukari, sungura hatakiwi kula nyingi kila siku, lakini karoti za jumapili mpaka ijumaa zilishapita zamani, kama zingemsumbua ungemwona jumatatu kakunja mgongo kwenye kona hataki kula.

Sasa tuje kwenye mwili, maana hapo ndo watu wengi wanapotea njia. Kukakamaa ni kawaida ya mzoga wowote, na kichwa kurudi nyuma peke yake hakithibitishi kitu. Tumbo kuvimba hivyohivyo. Sungura ana kifuko kikubwa sana mwanzoni mwa utumbo mpana, humo wanaishi bakteria wanaochachusha nyasi, yaani ni kama pipa la togwa anatembea nalo, na yeye akifa wao hawajapata taarifa, wanaendelea kuchachusha, gesi inajaa, kwa joto la Morogoro masaa machache tu tumbo limekuwa ngumu. Hiyo gesi inasukuma mapafu, maji yenye rangi ya damu yanachungulia puani. Kwa hiyo mtu akikuambia "tumbo lilijaa na pua ilitoa damu basi kalishwa sumu" muulize aliona saa ngapi, kabla hajafa au baada.

Halafu angalia, jirani anasema karushiwa kitu. Hao sungura wawili wanalala banda moja wanakula sehemu moja, mmoja kafa mwingine siku ya 9 anatafuna. Sumu ya ukutani ingechagua vipi? Siisemi haiwezekani, ila ugomvi na majirani kwa ushahidi huo sikushauri. Joto nalo, baba Nuru hajakosea kuliwaza, sungura hatoi jasho, joto linatokea zaidi kwenye masikio, na likifika digrii 30 huko ameshaanza kuteseka. Lakini joto huua mchana, saa nane saa tisa jua limeegemea kwenye bati la banda, unamkuta anahema kwa nguvu, masikio ya moto, mdomo umelowa. Huyu wako usiku alikula. Ya bibi tumwachie bibi.

Mimi barua yako nimekwama kwenye sentensi uliyoipita haraka, ile ya amoxi na ile ya alhamisi kachafuka nyuma.

Amoxi ni dawa nzuri kwa binadamu, mbwa anakunywa, ng'ombe anachomwa, hakuna shida. Sungura akiipata kwa mdomo ni habari nyingine kabisa. Inashuka kwenye lile pipa inawaua bakteria wazuri, wanaobaki ni wale wakorofi jamii ya klostridia ambao dawa haijawamaliza, wanapata uwanja mtupu wanazaana na wanatoa sumu yao wenyewe inayoingia kwenye damu. Hii ndo inawachanganya watu, kwa sababu haimuui siku ya kwanza ya dawa, inaweza kuja siku kadhaa baadaye, hata dozi umeshaacha na chafya imeshapona unasema dawa imefanya kazi. Dalili inaweza kuwa kinyesi cha majimaji au cha utelezi, nyuma kunachafuka, na wengine wanakufa kabla hata hujaona cha kuona, jioni anakula asubuhi mzoga. Sio amoxi peke yake, ampisilini, ampiclox, penisilini ya kumeza, klindamaisini, linkomaisini, zote hizo sungura asizimeze.

Je, nina uhakika ndo kilichomuua Pamba? Uhakika ungepatikana mzoga ungepasuliwa. Ila ukiniambia nichague kwa hayo uliyoandika, chafya, amoxi ya mdomo, siku tatu baada ya kuacha, nyuma kuchafuka, kifo cha usiku mmoja, mwenzie ambaye hakupewa dawa mzima, naiweka hii mbele ya nyingine zote kwa mbali. Na usijibebeshe lawama, uliuliza dukani ukajibiwa, kosa ni la aliyeuza bila kujua mnyama anayemuuzia. Sungura anayepiga chafya anapewa dawa ambayo tumbo lake linaistahimili, enrofloksasini au sulfa yenye trimethoprimu kwa mfano, na kipimo kinafuata uzito wake kwenye mizani, sio kapsuli ya mtu mzima kwa kukadiria. Na kabla ya dawa yoyote banda linuswe kwanza, mkojo ukikaa hewa yake inachoma pua, nusu ya chafya ninazoletewa ziko hapo.

Kuna ugonjwa mmoja lazima niutaje kwa sababu ya ile damu ya puani, ule wa kirusi unaovujisha damu ndani, wataalamu wanaandika RHD. Uligundulika China mwaka 1984, aina yake ya pili ikaonekana Ufaransa mwaka 2010 na hiyo haiachi hata watoto wadogo. Usidhani ni wa huko tu, Nigeria uliingia mwaka 2020 na Afrika Kusini mwaka 2022. Ukiingia bandani sungura wazima wanene wanaanguka mmoja baada ya mwingine ndani ya siku chache, wengine bila dalili yoyote, wengine wanapiga kelele, wanarusha miguu na kufa. Binadamu haumpati. Jike wako angekuwa ameshaondoka au ameugua, siku ya 9 anakula, kwa hiyo huo nauweka pembeni, ila banda lisafishe tu, sugua kwa sabuni kwanza halafu jiki kipimo kimoja kwa maji tisa, acha kwa dakika kumi, suuza, anika juani.

Vingine vinavyoua usiku mmoja huku kwetu ni siafu, nyoka, na mbwa au paka wa mtaani akizunguka banda, sungura anaweza kufa kwa mshtuko bila kuguswa, au anarusha miguu ya nyuma kwa nguvu mpaka anavunja uti wa mgongo. Ila hapo ungekuta manyoya yametapakaa, chombo cha maji kimepinduka, wavu umekunjwa. Na majani ya mparachichi msimpe, yanaharibu moyo, pumba yenye ukungu pia msimpe hata kama mnaona hasara kuitupa, ile sumukuvu sungura ni mwepesi sana nayo.

Jike asipewe dawa yoyote ya kinga, usije ukarudia yaleyale kwa huruma. Apate nyasi kavu kwa wingi, ziwepo mbele yake usiku na mchana, majani mabichi yawe ya kuongezea tu. Kila asubuhi angalia kinyesi, Nuru mwenyewe anaweza hiyo kazi, viwe viduara vikubwa vikavu vingi. Vikiwa vidogo kuliko jana, au hakuna, au sungura hajala tangu jioni mpaka asubuhi, usisubiri kuona kesho, sungura hatapiki na tumbo lake likisimama ndani ya siku moja au mbili anakwenda. Atakuficha pia, ni mnyama anayewindwa, akionyesha udhaifu porini anachaguliwa yeye, ndo maana kila mtu anasema "alikuwa mzima kabisa".

Na likitokea tena, Mungu apishe mbali, usizike. Weka mzoga kwenye mfuko mgumu usiovuja, uingie kwenye ubaridi wa friji wa kawaida sio friza maana barafu inaharibu nyama ndani wasomaji wa vipimo hawaoni kitu, na siku hiyohiyo uende. Nyie wa Morogoro mna bahati SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, iko hapohapo na hospitali ya wanyama, Dar kuna maabara ya veterinari ya serikali Temeke. Chukua na kinyesi cha mwisho na pakiti ya kila dawa aliyopewa hata kama unaona haihusiani.

SWALI: Daktari salamu kutoka Njoro, Kenya. Binti yangu alipewa sungura jike akazaa saba, sasa watoto wakifika wiki sita saba hivi wanaanza kufa mmoja mmoja, wamefika wanne. Jioni anacheza, asubuhi amekufa, tumbo kubwa na mgongo mifupa tupu. Wa mwisho nilimpasua nikaona maini yamejaa vidoadoa vyeupe. Mama yao hana shida yoyote. Hii ni nini na tukichinja waliobaki tunaweza kula?

JIBU: Ndugu yangu umefanya la maana kumpasua, maana umeshanipa jibu. Hiyo ni kokisidiosisi, vidoa vya maini, umri huo, mama mzima, inaenda pamoja. Mama anabeba vijidudu bila kuugua, anavitoa kwenye kinyesi, watoto wanakula chini wanavimeza. Sio kifo cha ghafla kama kinavyoonekana, hao wameliwa ndani kwa wiki nzima ila manyoya yanaficha, mshike mgongoni utahesabu mifupa kabla hajafikia hatua ya kufa.

Mayai ya hivyo vijidudu yakitoka kwenye kinyesi yanahitaji kama siku mbili tatu za unyevu ndo yaweze kuambukiza, kwa hiyo ukifagia kila siku bila kuruka unakuwa umekata mzunguko, ukifagia jumamosi tu unapoteza nguvu. Sakafu iwe ya wavu kinyesi kidondoke, chakula kiwekwe juu kwenye kihori, maji yasimwagike. Dawa nyingi za kuua vijidudu bandani hayo mayai hayazijali, maji ya moto kabisa na jua kali ndo yanayoyaweza. Waliobaki wapate toltrazurili au sulfa leo, mwone daktari wa mifugo akupe kipimo, usinunue tu agroveti kwa kusoma nyuma ya chupa kwani maandishi mengi pale ni ya kuku. Hivyo vijidudu vya sungura havimpati binadamu, lakini mgonjwa usimchinje, na aliyepewa dawa lazima zipite kwanza siku za kusubiri dawa iishe mwilini. Ini lenye vidoa tupa, hata mbwa usimpe mbichi.

SWALI: Asalam aleykum daktari, mimi niko Maskati. Sungura wetu anakaa balkoni, mwaka jana mwezi wa saba mmoja alikufa mchana tukiwa kazini. Huyu mpya tufanyeje?

JIBU: Waaleykum salam. Mwezi wa saba Maskati digrii 40 na zaidi, balkoni sungura hakai, mwingize ndani kwenye esii, hakuna njia ya mkato hapo. Siku umeme ukikatika mwekee chupa ya maji ya barafu iliyofungwa taulo ajilaze pembeni, mpanguse masikio kwa kitambaa cha maji ya kawaida, pepeo limpitie upande. Mkimkuta kalegea anahema msimtumbukize kwenye maji ya barafu, mshtuko unammaliza, mlowesheni masikio na miguu mkiwa tayari mko njiani kwa daktari.